Ngozi ya mbuzi na ukuta wa forodha

Mbuzi akichinjwa asubuhi huko Takaba, Mandera Magharibi, kaskazini mwa Kenya, kabla ya adhuhuri nyama yake imekwisha kugawanywa: nyingine hotelini, nyingine majumbani, kichwa na miguu kwa wapenda supu. Kinachobaki ni ngozi. Huburutwa kando, ikatandazwa juani upande wa nyama ukiwa juu, ikanyunyiziwa chumvi kama chumvi ipo, kisha ikaachwa imsubiri mnunuzi ambaye huenda akapita wiki hii au asipite kabisa. Mara nyingi mbwa hutangulia.

Haikuwa hivi siku zote. Zama za ukoloni, ngozi na samli zilikuwa miongoni mwa mali chache za kaskazini zilizopata mnunuzi wa mbali. Bei ya ngozi imeanguka kwa sababu kadhaa, na viatu vya plastiki vina lawama yao. Lakini ipo sababu moja iliyoandikwa kwa wino na kupigwa muhuri. Anayetaka kupeleka ngozi mbichi nje ya Kenya amewekewa ushuru mzito, ambao kwa miaka mingi ulikuwa asilimia 80 ya thamani yake. Mtu wa Takaba hawezi hata kujifariji na mpaka ulio karibu, kwa kuwa Ethiopia iliweka ushuru wake wa asilimia 150 mwaka 2008.

Hoja ya serikali inaeleweka bila shida. Ngozi mbichi ikizuiwa isitoke, itabaki nchini kwa bei nafuu. Viwanda vya kusindika ngozi vya Athi River, Thika na Limuru vitapata malighafi. Vijana watapata kazi ya kushona viatu na mikoba. Kule Kenanie, Machakos, serikali ilitenga eneo zima kwa ajili ya viwanda vya ngozi. Ni hoja yenye umri wa zaidi ya miaka 200, na waliotangulia kuitetea kwa ufasaha walikuwa Wamarekani, wakati taifa lao lilipokuwa changa, maskini na lenye madeni.

Sheria ya forodha ilikuwa miongoni mwa mambo ya kwanza kabisa kushughulikiwa na Bunge jipya la Marekani. James Madison aliiwasilisha Aprili 1789, na George Washington akaitia saini Julai 4 mwaka huo. Utangulizi wake ulitaja makusudi matatu: kuendesha serikali, kulipa madeni, na kuvitia moyo na kuvilinda viwanda. Viwango vilikuwa vya chini, bidhaa nyingi zikitozwa asilimia 5 tu. Ilikuwa sheria ya kujaza sanduku la hazina kuliko ya kujenga ukuta.

Aliyeuchora ukuta wenyewe ni Alexander Hamilton, kijana aliyezaliwa kisiwani Nevis huko Karibi na kupanda hadi kuwa waziri wa kwanza wa fedha. Desemba 1791 alilipelekea Bunge ripoti ndefu kuhusu viwanda. Alisema kiwanda kichanga hakiwezi kushindana na kile cha Uingereza kilichokomaa, kwa hiyo kishikwe mkono hadi kisimame. Kisha akaorodhesha njia 11 za kukishika mkono. Ya kwanza ilikuwa ushuru kwa bidhaa za nje. Ya tatu ilikuwa kuzuia malighafi zisitoke nchini. Ya nne ilikuwa ruzuku ya fedha taslimu kwa mzalishaji, na hii ndiyo aliyoipenda kuliko zote, kwa kuwa ruzuku haimpandishii mnunuzi bei. Ya 11 na ya mwisho ilikuwa usafiri: barabara na mifereji.

Wabunge walichukua sehemu kubwa ya ushuru aliopendekeza. Ruzuku wakaiacha mezani. Ushuru huingiza pesa na ruzuku huzitoa, na hapo mwanasiasa wa Philadelphia wa 1792 hana tofauti na wa Nairobi.

Lakini njia ya tatu, ile ya kubana malighafi, ilikuwa na kizingiti. Katiba iliyoandikwa Philadelphia mwaka 1787 inapiga marufuku ushuru wowote kwa bidhaa zinazotoka Marekani kwenda nje. Kifungu hicho hakikuingia kwa bahati. Majimbo ya kusini, yaliyoishi kwa kuuza tumbaku, mchele na nili, yalihofia kwamba kaskazini wakipata wingi wa kura wangeyatoza mazao yao hadi yafilisike. Yakang'ang'ana mezani mpaka hofu hiyo ikawa sheria kuu ya nchi, na imo humo hadi leo. Kwa maneno mengine, ushuru unaoilaza ngozi ya Takaba vumbini usingeruhusiwa kutozwa katika nchi ile ile inayotajwa kila mara kuwa ilijitajirisha kwa kulinda viwanda. Mkulima wa tumbaku wa Virginia alikuwa na kiti katika chumba ambamo sheria iliandikwa. Mfugaji wa Mandera Magharibi alikuwa wapi?

Ukuta wa kweli ulipanda baada ya vita. Kuanzia marufuku ya biashara ya nje ya Desemba 1807 hadi mwisho wa vita na Uingereza mwaka 1815, Wamarekani walikosa nguo za kutoka ng'ambo, wakajifunza kufuma zao. Amani iliporudi, meli za Uingereza zilishusha shehena hadi viwanda vichanga vikaanza kufunga milango. Hapo akatokea Francis Cabot Lowell, mfanyabiashara wa Boston aliyekwenda Uingereza, akavitazama vitanda vya mfumi vya mashine, na kurudi navyo kichwani. Kampuni yake ilianza kufuma nguo nzito za bei ya chini huko Waltham, Massachusetts. Mwaka 1816 alifunga safari hadi Washington kuwashawishi wabunge.

Alichokipata ni cha werevu wa ajabu, na kinafaa kutazamwa kwa karibu. Sheria ilisema nguo za pamba zitozwe asilimia 25. Kisha ikaongeza kwamba yadi yoyote ya bei ya chini ya senti 25 itahesabiwa kana kwamba bei yake ni senti 25. Tuseme kitambaa kimenunuliwa India kwa senti 6 yadi. Forodhani kinaandikwa senti 25, na robo yake ni senti 6 na kidogo. Ushuru umelingana na bei yenyewe! Nguo za kifahari za Uingereza zilipita bila kuumia sana. Za bei ya chini kutoka India, zile zilizoshindana na za Lowell uso kwa uso, zikafungiwa nje. Aliyesoma haraka aliona asilimia 25. Mkono ulioandika ulijua ni 100.

Ukuta ukizoeleka huwa hauteremki. Mwaka 1828 Bunge lilipitisha ushuru ambao watu wa kusini waliubatiza jina la machukizo, na kufikia 1830 bidhaa zilizotozwa zilikuwa zikilipiwa wastani wa zaidi ya asilimia 60 ya thamani yake. Kusini waliuza pamba Liverpool kwa bei ya dunia, na wakanunua majembe na mablanketi kwa bei ya Massachusetts. Novemba 1832 jimbo la South Carolina lilitangaza kuwa sheria hizo ni batili ndani ya mipaka yake, na nchi ikakaribia kupigana. Nyuma ya tangazo hilo alisimama John C. Calhoun, ambaye mwaka 1816 aliupigia kura ushuru wa aina ile ile aliyokuja kuilaani. Machi 1833 ikafikiwa suluhu: viwango vingeshuka kidogo kidogo hadi asilimia 20 kufikia 1842.

Isisahaulike kwamba waliokuwa wakilia dhuluma walikuwa mabwana wa watumwa, na pamba waliyoitetea ilichumwa na watu waliochapwa viboko. Lakini utaratibu wao wa kulalamika una somo hata kwa wenye haki zaidi yao: waliguswa mfukoni, walikuwa na maseneta, walipiga kelele, sheria ikabadilika.

Mwaka huo huo wa 1833, Septemba 21, mjumbe wa Marekani aitwaye Edmund Roberts alikuwa Muscat akitia saini mkataba na Seyyid Said bin Sultan, aliyetawala Oman na Zanzibar. Mkataba ulisema bidhaa za Wamarekani zitakazoshushwa katika bandari zake zilipe asilimia 5 na zisiongezwe jingine. Uingereza ikapata mkataba wake mwaka 1839, Ufaransa 1844. Taifa lililokuwa limetoka tu kugombana nyumbani kuhusu asilimia 60 lilivuka bahari na kumwekea mwenzake dari ya asilimia 5. Seyyid Said alikuwa mfanyabiashara hodari, na biashara ilimjazia hazina. Lakini kama angetaka kumkinga mfumaji wa nguo wa himaya yake, mkono wake ulikuwa umekwisha kufungwa.

Kilichofuata kimo katika lugha yenyewe. Mwaka 1837 Richard Waters wa Salem, Massachusetts, alianza kazi ya ubalozi mdogo Zanzibar, na meli za Salem zikamimina kitambaa kigumu cha pamba kisichopaushwa. Watu walikipenda kwa kuwa kilidumu, na wakakiita merikani. Nguo iliyozaliwa nyuma ya ukuta wa Lowell ikawa sarafu ya bara: iliwalipa wapagazi, ikanunua pembe, ikalipia ruhusa ya kupita kwenye nchi za watu. Kutoka bandari za Benadir, yaani Mogadishu, Marka na Barawa, misafara ya ngamia iliibeba nguo hadi Luuq kando ya mto Juba na kuendelea kuelekea nchi ya Waborana, kwenye nyika kame ambayo sehemu yake leo ni Kaunti ya Mandera. Wafumaji wa Mogadishu, waliokuwa na sifa ya karne nyingi, wakajikuta wakibanwa na mgeni asiyelipa zaidi ya asilimia 5 mlangoni. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipozuka mwaka 1861, merikani ikaadimika, na viwanda vya Uingereza na baadaye vya Bombay vikaingia kwenye nafasi hiyo. Mfumaji wa Benadir hakuachiwa nafasi ya kupumua.

Kwa hiyo ushuru wa kulinda viwanda haukuja Afrika Mashariki kama nadharia ya vitabuni. Watu wa huku walivaa matokeo yake mabegani kabla hawajauona wenyewe.

Walikuja kuuona baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1922 kamati ya uchumi na fedha chini ya Charles Bowring, aliyekuwa katibu mkuu wa koloni la Kenya, ilipendekeza walowezi walindwe, na ushuru mpya wa 1923 ukafuata. Ngano na unga wake, siagi, jibini, sukari na mbao vikawekewa kinga, na reli ikapangiwa nauli za kuwapendelea wazalishaji hao hao. Uganda na Tanganyika walinung'unika, na walikuwa na haki: walikuwa ndani ya mfumo mmoja wa forodha na Kenya, kwa hiyo mnunuzi wa Kampala alimlipia mlowezi wa Njoro ngano yake. Ni kilio cha South Carolina, safari hii bila maseneta.

Kwa mfugaji wa kaskazini silaha ilikuwa nyingine, na haikuitwa ushuru. Iliitwa karantini.

Magonjwa yalikuwepo; hilo lisibishwe. Sotoka ya miaka ya 1890 ilifagia mazizi ya Afrika Mashariki, na homa ya mapafu ya ng'ombe iliendelea kuua baadaye. Daktari wa mifugo aliyesimamisha kundi njiani alikuwa na sababu. Tatizo lilikuwa upande ambao mlango ulifungwa. Eneo lililoitwa NFD (Northern Frontier District), kuanzia Isiolo hadi Mandera, lilitangazwa mwaka 1926 kuwa eneo lililofungwa, mtu haingii wala hatoki bila kibali, na mifugo yake iliwekwa chini ya karantini ambayo kwa miaka mingi ilionekana haina tarehe ya mwisho. Isiolo yenyewe ilikua ikiwa kituo cha karantini: ng'ombe wa Wasomali na Waborana walizuiliwa pale, wakapimwa, wakasubiri, wakakonda, na bei zikakonda pamoja nao. Ng'ombe wa mlowezi aliyekuwa kusini ya mstari wa karantini hakushindana nao sokoni. Ungeuliza kama nia ilikuwa afya au soko, kila afisa angejibu afya. Lakini huyo ng'ombe aliyezuiliwa hakuletewa chanjo kwa kasi ile ile aliyoletewa kizuizi, na hapo ndipo jibu la afisa linapopoteza uzito.

Werevu wa senti 25 wa Lowell na werevu wa karantini ni ndugu. Kila mmoja hufunga mlango kwa jina jingine. Na dunia haijaacha mchezo huo: Saudi Arabia ilipozuia mifugo ya Pembe ya Afrika mwaka 2000 kwa sababu ya homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa ulikuwa wa kweli, lakini zuio lilidumu hadi 2009.

Uhuru ulikuja na bendera mpya juu ya ukuta ule ule. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965, uliojieleza kuwa wa ujamaa wa Kiafrika, ulisema wazi kwamba fedha za maendeleo zielekezwe kwenye maeneo yenye ardhi nzuri, mvua, usafiri na watu walio tayari kupokea maendeleo. Kwenye vipimo hivyo vyote Takaba ilifeli mtihani ambao haikuuketia. Tume ya Nyama ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1950 na ambayo ingeweza kuwa mnunuzi mkubwa wa mifugo ya kaskazini, ilifunga milango miaka ya 1990 na kufunguliwa tena mwaka 2006. Mbuzi wa kaskazini wakaendelea kupanda malori kuelekea Kiamaiko, Nairobi, wakibanana kama viazi guniani, kila kizuizi cha barabarani kikiwa na forodha yake isiyoandikwa.

Ingia sasa kwenye duka lolote la Takaba. Rafuni mna sukari, mchele, pasta, maziwa ya unga, mafuta ya kupikia. Katika orodha ya pamoja ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, sukari ya kutoka nje imewekewa asilimia 100, maziwa ya unga 60. Mchele wa orodha ni 75, ingawa Kenya hujipunguzia hadi 35. Juu ya hayo, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 Kenya iliomba na kuongezewa tena na tena kinga ya sukari dhidi ya wenzake wa soko la pamoja la COMESA, ili viwanda vya magharibi vijipange. Kampuni ya sukari ya Mumias ilianguka ikiwa ndani ya kinga hiyo. Watu wa Takaba, ambao chai bila sukari ya kutosha kwao ni dawa ya kikohozi, wamelipia mapumziko ya viwanda vilivyo zaidi ya siku nzima ya safari kutoka kwao.

Au wangelipia, kama wangeinunua sukari hiyo. Kila mtu kaskazini anajua kwamba sukari nyingi hupita njia nyingine, kutoka bandari za Somalia, hata mpaka unapokuwa umefungwa rasmi. Mei 2023 serikali ilitangaza kuufungua kwa awamu, na Julai ikaahirisha kwa sababu za usalama. Magendo huwapa watu wa Mandera na Garissa chakula cha bei nafuu, na hapo yanastahili kuitwa haki ya maskini. Yanawatajirisha pia wachache ambao hawangependa kamwe ukuta ushuke, kwani asilimia 100 ya mwenye kiwanda ndiyo faida ya mwenye lori la usiku. Wapo wanasiasa wa kaskazini wanaolia kuhusu kutengwa mchana na kula kwenye ukuta huo usiku. Hilo nalo lisemwe.

Makala haya hayadai kwamba ulinzi wa viwanda ni uongo. Marekani ilijenga viwanda nyuma ya ukuta, na anayewaambia Waafrika leo wafungue kila mlango anasimulia nusu ya historia yake. Lakini waliosoma ripoti ya Hamilton Nairobi na Arusha walisimama kwenye njia ya tatu. Wamezuia malighafi isitoke, na wakamwacha mwenye malighafi bila ile ya nne wala ya 11. Kama ngozi ya Takaba ni muhimu kiasi cha kuwekewa ushuru mzito, basi pesa hiyo ina pa kwenda: kwa mchinjaji, alipwe nyongeza kwa kila ngozi isiyo na tundu la kisu, na kwa barabara ambayo mvua ya siku mbili huigeuza tope. Maziwa ya unga yamewekewa asilimia 60 ili kumlinda mfugaji wa Kenya. Mama anayeuza maziwa ya ngamia kwa mtungi wa plastiki barabarani Takaba naye ni mfugaji wa Kenya, lakini hana tanki la kupozea wala lori la kuyabeba, na yakipita jua la saa sita ni kazi bure.

Mnamo Julai 2022 Jumuiya iliongeza daraja jipya la ushuru la asilimia 35 kwa orodha ya bidhaa zilizokamilika, za ngozi zikiwemo. Kila mwaka kabla ya bajeti, wenye viwanda huandika mapendekezo yao na kuyapeleka Hazina Kuu, kisha mawaziri wa fedha hukutana, na Julai 1 viwango vipya huanza. Lowell angeujua mwendo huo akiwa amefumba macho. Kutoka Takaba hakuna anayefunga safari hiyo na faili mkononi. Madalali wa mifugo wana kazi ya kuwafikisha mbuzi sokoni wakiwa hai, na mchinjaji hajawahi kuambiwa kwamba kuna mahali maoni hupelekwa. Yeye huenda dukani, akachukua pakiti ya chumvi, akaipima mkononi huku akipiga hesabu ya atakacholipwa kwa ngozi ya leo, akairudisha rafuni na kuomba sigara.